Mtoto Hurithi kwa Baba na kwa Mama



Somo la toleo hili ni juu ya urithi wa maumbile, yaani namna sifa za wazazi zinavyowafikia watoto.

Tumelichagua kwa sababu ya shida tunayokutana nayo mara kwa mara vijijini. Mtoto anazaliwa mzima. Akifika miezi sita au saba anaanza kuvimba mikono na miguu, macho yanageuka manjano, analia usiku kucha. Anapelekwa hospitali, anaongezewa damu, anarudi nyumbani, halafu anaugua tena. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Wengine wanasema amerogwa. Wengine wanasema mama ndiye aliyeleta ugonjwa kutoka kwao. Wako kina mama waliorudishwa kwa wazazi wao pamoja na mtoto kwa sababu hiyo tu.

Ugonjwa huo mara nyingi ni selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Hautokani na uchawi, wala hautokani na mama peke yake. Lakini kusema hivyo tu hakutoshi. Ni lazima tuelewe kwa nini. Basi tusome polepole, na ikiwezekana katika kikundi. Mwishoni kuna zoezi na maswali.

1. TUANZIE SHAMBANI

Kuna jambo ambalo wakulima wengi wa Trans Nzoia na Bungoma wamewahi kuliona. Umepanda mahindi meupe. Jirani yako amepanda ya manjano, pengine ya kulisha kuku. Siku ya kuvuna unamenya hindi lako na kukuta punje za manjano zimetawanyika kati ya zile nyeupe. Hakuna mtu aliyeingia shambani mwako usiku. Kilichoingia ni upepo.

Ua la juu la mmea wa mahindi ndilo la kiume. Unga wake, yaani chavua, hupeperushwa na upepo na kuangukia ndevu za hindi. Kila uzi wa ndevu hizo umeungana na punje moja. Kwa hiyo kila punje ni mtoto mwenye baba na mama yake. Hindi moja laweza kuwa na punje 400 au zaidi, na baba wa punje hii akawa mmea wako, na baba wa punje inayofuata akawa mmea wa jirani. Punje ya manjano katika hindi jeupe ni mtoto wa mama mweupe na baba wa manjano.

Sasa angalieni vizuri. Punje hiyo imepokea maagizo mawili ya rangi. Agizo la mama linasema nyeupe, agizo la baba linasema manjano. Linaloonekana ni la manjano. Lile la weupe halikupotea, limefunikwa tu. Mkichagua punje hizo za manjano na kuzipanda mbali na mahindi mengine, mtavuna punje nyingi za manjano, lakini karibu robo zitakuwa nyeupe tena. Huo weupe umetoka wapi na mbegu zote zilikuwa za manjano? Ulikuwa ndani, umejificha, mpaka agizo la weupe kutoka upande mmoja lilipokutana na mwenzake kutoka upande wa pili.

Hili ndilo jambo kuu la somo letu. Mzazi anaweza kubeba kitu ambacho hakionekani kwake, na akakipitisha kwa mtoto.

2. MTAWA ALIYEHESABU NJEGERE

Aliyetambua kwanza mpango huu alikuwa mtu wa kanisa. Gregor Mendel alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Agostino katika mji wa Brno, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Kuanzia 1856 hadi 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri na kuzihesabu kwa uvumilivu mkubwa.

Alichanganya njegere za mviringo na zile zenye mikunjo. Watoto wa kwanza wote walikuwa wa mviringo. Alipowapanda watoto hao na kuwaacha wazae, akapata njegere 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo. Ukigawanya utaona ni karibu tatu kwa moja. Mikunjo ilikuwa imejificha kizazi kimoja, ikarudi katika kizazi cha pili.

Mendel akaelewa kwamba kila kiumbe kina maagizo mawili kwa kila sifa, moja la baba na moja la mama. Anapozaa humpa mtoto moja tu kati ya hayo mawili, na ni lipi litakalotoka ni kama kupiga kura. Alichapisha kazi yake mwaka 1866, lakini wataalamu hawakuijali mpaka mwaka 1900, wakati yeye alikuwa amekufa tangu 1884. Maagizo hayo leo tunayaita jeni.

3. KITALE NA MBEGU CHOTARA

Sisi wa Kitale hatuna haja ya kwenda Ulaya kuona kazi ya urithi. Mwaka 1964 watafiti wa hapa Kitale walitoa mbegu chotara iliyoitwa H611. Mama na baba yake walitoka mbali: upande mmoja ni mahindi yaliyoboreshwa hapa, Kitale Synthetic II, na upande wa pili ni Ecuador 573, mahindi kutoka Amerika ya Kusini. Wazazi wawili wasio na undugu wa karibu walizaa mtoto mwenye nguvu kuliko wote wawili. Baada ya hiyo zikaja nyingine za ukoo wa 600, kama H614 ambayo wakulima wetu wanaifahamu sana.

Lakini mkulima anayeweka punje za chotara ili azipande msimu ujao anajua kinachotokea. Mmea mmoja mrefu, mwingine mfupi, hindi moja kubwa na lingine kama kidole. Wengine husema kampuni imetia dawa mbegu zisizae tena. Si kweli hata kidogo. Chotara wa kwanza wote wanafanana kwa sababu kila mmoja amepokea upande huu na upande ule. Wakizaliana wenyewe kwa wenyewe, maagizo yanagawanyika upya, na yaliyokuwa yamejificha yanatokea moja moja. Hivyo ndivyo urithi unavyofanya kazi, na ndiyo sababu ya kununua mbegu mpya kila mwaka.

Tukumbuke pia kwamba urithi si kila kitu. Mbegu nzuri kwenye udongo uliochoka, bila mbolea wala palizi, haitajaza ghala. Vivyo hivyo mtoto wa ukoo wa watu warefu akikosa chakula cha kutosha hudumaa. Nayo methali ya mtoto wa nyoka ni nyoka isitumiwe kumhukumu mtoto wa mwizi. Kuiba ni tabia ambayo mtu hujifunza, na anaweza kuiacha.

4. BINADAMU NAYE

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ndani ya seli mna nyuzi 46 zinazoitwa kromosomu, nazo zimepangwa jozi 23. Katika kila jozi uzi mmoja ulitoka kwa baba na mwingine kwa mama. Jeni zimepangwa juu ya nyuzi hizo kama shanga.

Mbegu ya baba hubeba nyuzi 23, na yai la mama hubeba nyuzi 23. Zikikutana zinakuwa 46, na mtoto anaanza. Kwa hiyo hakuna mtoto wa upande mmoja. Hata yule ambaye wazee wanasema amechukua sura yote ya babu yake mzaa baba, nusu ya nyuzi zake zimetoka kwa mama.

Hapa tuguse jambo moja linaloumiza nyumba nyingi. Jozi moja kati ya hizo 23 ndiyo huamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Mama ana X mbili, kwa hiyo kila yai lake lina X. Baba ana X na Y. Mbegu ya baba yenye X ikifika kwanza, mtoto ni msichana. Yenye Y ikifika kwanza, ni mvulana. Mama hana Y ya kutoa, hata akiombwa namna gani. Basi mzee anayeoa mke wa pili kwa sababu wa kwanza amezaa wasichana watupu anamlaumu mtu asiyehusika. Wala baba mwenyewe hachagui. Na wasichana hao ni watoto kamili, zawadi kutoka kwa Mungu.

5. SELIMUNDU NI NINI?

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya hemoglobini, kitu kinachobeba hewa safi kutoka mapafuni. Jeni ya hemoglobini tunaweza kuiita A ikiwa ni ya kawaida. Kuna nyingine inayoitwa S, ambayo imebadilika mahali padogo sana, kama herufi moja iliyokosewa katika barua ndefu. Kila mtu ana mbili, kwa hiyo tunapata watu wa aina tatu:

AA: hana selimundu wala habebi jeni yake.

AS: amebeba jeni moja ya S. Yeye si mgonjwa. Analima, anazaa, anazeeka bila kujua kwamba anayo.

SS: ana ugonjwa wa selimundu. Amepokea S kutoka kwa baba na S kutoka kwa mama.

Kwa mtu wa SS, seli nyekundu za damu zikikosa hewa hujikunja na kuwa na umbo la mundu, ule wa kukatia nyasi. Ndipo likatoka jina selimundu. Seli ya kawaida ni laini na huishi siku kama 120. Ile iliyojikunja ni ngumu, hunasa katika mishipa midogo na kuziba njia, na hufa baada ya siku 10 hadi 20 tu. Kuziba huleta maumivu makali ya mifupa na kuvimba. Kufa upesi kwa seli huleta upungufu wa damu na macho ya manjano. Mtoto mchanga haonyeshi dalili kwa sababu bado ana hemoglobini ya tumboni. Hiyo inapoisha, miezi michache baadaye, ndipo ugonjwa unapojitokeza. Kwa hiyo kuzaliwa mzima na kuugua baadaye si dalili ya kurogwa.

Angalieni tena mstari wa SS. S moja haitoshi kuleta ugonjwa huo. Mtoto akiwa SS, baba amechangia sawasawa na mama. Anayemfukuza mke kwa sababu hiyo anafukuza nusu ya ukweli, na nusu nyingine anabaki nayo katika damu yake mwenyewe.

6. KWA NINI KWETU NI WENGI?

Mwaka 1949 kijana aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alipima damu ya watu wa makabila mbalimbali nchini. Aliona kwamba Pwani na karibu na Ziwa Victoria watu zaidi ya 20 kwa kila 100 walibeba S, lakini kwa makabila kadhaa ya nyanda za juu na sehemu kavu hawakufika hata 1 kwa 100. Akajiuliza: Pwani na ziwani pana nini pamoja? Pana malaria. Mwaka 1954 alitangaza jibu, na uchunguzi wa baadaye, pamoja na ule uliofanywa Kilifi, umelithibitisha. Mtoto wa AS hukingwa sana asipatwe na malaria kali inayoua.

Basi kwa vizazi vingi, mahali penye mbu, watoto wa AS walipona malaria, wakakua na kuzaa. S ikaenea. Si laana. Ilikuwa ngao ya wazee wetu, lakini ngao yenye gharama: wawili wenye ngao hiyo wakioana, watoto wengine hupokea S mbili. Na mtoto wa SS hana kinga hiyo, kwake malaria ni hatari kubwa mno. Hata mwenye AS alale ndani ya neti, kwa maana kinga yake si kamili.

Watu wa Kitale wasiseme huu ni ugonjwa wa kule chini kwenye joto. Familia nyingi za Trans Nzoia zilihamia hapa kutoka Bungoma na sehemu nyingine za magharibi, na jeni zilisafiri pamoja nao.

Mila ya Wabukusu inakataza kijana kuoa katika ukoo wa baba yake au wa mama yake. Wazee walikuwa na hekima, maana ndugu wa karibu hubeba maagizo yaliyojificha yanayofanana. Lakini kwa S mila hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu S imo katika koo nyingi na makabila mengi. Wawili wasio na undugu wowote wanaweza wote kuwa AS.

7. KILA MIMBA NI KURA MPYA

Tuseme baba ni AS na mama ni AS. Kwa kila mimba kuna nafasi nne zilizo sawa: moja ya AA, mbili za AS, moja ya SS. Wengi wanakosea hapa. Wanasema, kwa kuwa wa kwanza ni mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sivyo. Kura haikumbuki ile iliyotangulia. Nyumba moja inaweza kupata watoto watano wazima, na nyingine ikapata wawili wagonjwa wakifuatana.

Mmoja akiwa AA na mwingine AS, hakuna mtoto atakayekuwa SS, ingawa wengine watabeba S. Mmoja akiwa AA na mwingine SS, watoto wote watakuwa AS. Mmoja akiwa AS na mwingine SS, kila mimba ina nafasi nusu ya kupata SS.

Zoezi la kikundi. Chukueni vikombe viwili. Cha kwanza ni baba, cha pili ni mama. Tieni katika kila kimoja punje moja ya mahindi (A) na punje moja ya maharagwe (S). Mtu afumbe macho, atoe punje moja kutoka kila kikombe. Andikeni mlichopata, rudisheni punje, mrudie mara 40. Mwishoni hesabuni. Mtaona maharagwe mawili yametoka karibu mara 10, lakini si kwa zamu. Tazameni pia ni mara ngapi yamefuatana.

8. TUFANYE NINI?

Kwanza, tupimwe. Ulizeni katika hospitali ya kaunti, Bungoma au Kitale. Wasipokuwa na kipimo watawaelekeza. Kuna kipimo kidogo kinachoonyesha tu kwamba S ipo. Hicho hakitenganishi AS na SS. Ombeni kile kinachotaja kama mtu ni AA, AS au SS.

Pili, vijana wapimwe mapema, kabla ya mahari kuzungumzwa. Tunawaomba wachungaji na makatekista waliingize jambo hili katika mafundisho ya ndoa. Si kazi ya kanisa kuvunja uchumba wa wawili wenye AS. Kazi yetu ni kuwasaidia wajue ukweli, waombe, na waamue wenyewe wakiwa macho wazi.

Tatu, mtoto wa SS atunzwe. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi, alale ndani ya neti. Apate chanjo zote. Kwa watoto wadogo daktari huandika penisilini ya kuzuia maambukizi, na foliki asidi ya kusaidia damu. Kuna pia dawa ya haidroksiurea ambayo hupunguza maumivu. Hutolewa na daktari na kufuatiliwa kwa kupima damu. Homa kwa mtoto huyu si ya kungoja mpaka asubuhi. Mkimbizeni hospitali, hasa akihema kwa shida, akiwa mweupe viganjani, tumbo likivimba upande wa kushoto, au upande mmoja wa mwili ukilegea.

Zamani wengi wa watoto hawa walikufa kabla ya miaka mitano. Leo wakitunzwa wanasoma, wanafanya kazi na kupata watoto wao. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni za mgonjwa mwenyewe, lakini bei yake bado haishikiki na watu kama sisi. Tusiingoje. Neti, maji, chanjo na kwenda kliniki bila kukosa ndivyo vinavyookoa maisha kijijini.

Nne, tuache kulaumiana. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu akawaambia si yeye wala si wazazi. Swali lile lile linaulizwa katika maboma yetu hata leo. Jibu halijabadilika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chenu watu husema nini mtoto akiugua hivi? Baada ya somo hili mtawajibu vipi?

2. Mama na baba wote ni wazima, na mtoto ni SS. Mwelezeeni shemeji anayesema mtoto si wa ndugu yake.

3. Kwa nini punje za mahindi chotara hazizai mimea inayofanana?

4. Someni Mwanzo 30:31-43. Mifugo ya rangi moja ilizaa yenye madoa. Wafugaji wa mbuzi kati yenu wameona nini?

5. Nani katika kikundi atakwenda na jirani mwenye mtoto mgonjwa mpaka kliniki, na siku gani?

Hilo swali la tano msiliache bila jibu. Andikeni jina na siku kabla ya kufunga kwa sala.

Mungu awabariki, pamoja na watoto wenu wote.